Mbwa mwitu aliyemla mfalme: alama za alkemia zilikuwa zinasema nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha sita, tahasusi ya PCB. Nilinunua kidani Kariakoo. Kina duara kubwa, ndani yake pembetatu, ndani ya pembetatu mraba, na ndani kabisa duara dogo. Muuzaji alisema ni alama ya alkemia. Kaka yangu amekiona, anasema ni cha Freemason, nikitupe. Nilipotafuta mtandaoni nikakuta mengine: pembetatu za moto na maji, ♀ na ♂ tunazotumia kwenye baiolojia, picha ya simba wa kijani anakula jua, nyingine ya mbwa mwitu anamla mfalme. Je, hizi ni elementi kama zile za jedwali letu? Ni mambo ya kiroho? Au watu wale walikuwa wanajidanganya tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kidani usikitupe kwanza. Nitakirudia mwishoni, kwa sababu alama iliyo juu yake haisomeki mpaka uzijue zile nyingine, na ukishazijua utaisoma mwenyewe.

Nianze na neno linalotuchanganya. Ukisema elementi leo unataja kitu kimoja kisichoyumba: aina ya atomu yenye idadi yake ya protoni. Dhahabu ni 79, zebaki ni 80, risasi ni 82, basi. Alama Au (dhahabu) na Hg (zebaki) ni kama namba za vitambulisho. Hazikuambii kwamba dhahabu haishiki kutu wala kwamba zebaki inatiririka. Mwanaalkemia, yaani fundi wa kale aliyetafuta namna ya kugeuza metali za kawaida kuwa dhahabu, alikuwa na swali jingine. Alitaka kujua kitu kina tabia gani: kinawaka au hakiwaki, kinapaa kikipata joto au kinatulia chini ya chungu, kinatia rangi au kinapokea. Alama zake nyingi ni majina ya tabia hizo. Ndiyo maana ukizisoma kama jedwali la elementi zinakuponyoka. Unadhani umeishika moja, ukifungua kitabu kingine inasema jambo jingine.

Neno tabia nimelichagua kwa makusudi. Ni la Kiarabu, na waandishi wa Kiarabu wa fani hii walilitumia kwa joto, baridi, ukavu na unyevu. Ukiendelea kusoma utaona kwamba sisi tunaosema Kiswahili tunayo sehemu kubwa ya kamusi ya alkemia vinywani mwetu, na tunaitumia kila siku bila kujua ilikopita.

Tuchukue pembetatu nne. Wazo lenyewe ni la kale sana. Empedocles, Mgiriki wa Sicily wa karne ya 5 K.K., alisema vitu vyote vimetoka katika mizizi minne: moto, hewa, maji na udongo. Aristotle akaupa mpango huo injini. Moto ni joto na ukavu. Hewa ni joto na unyevu. Maji ni baridi na unyevu. Udongo ni baridi na ukavu. Angalia kwamba kila jirani wawili wanashirikiana tabia moja. Ondoa baridi ya maji, weka joto, na hicho kinachofuka juu ya sufuria kwa Aristotle ni maji yanayogeuka hewa. Kitu kugeuka kitu kingine hakukuhitaji uchawi; kulihitaji kubadilisha tabia moja kwa nyingine, jambo ambalo kila mpishi hulifanya. Ukikubali hapo, swali kama risasi inaweza kugeuka dhahabu linakuwa swali la kawaida la kazi: ni tabia zipi zibadilishwe, na kwa moto wa kiasi gani?

Pembetatu unazoziona zimechorwa kwa mantiki hiyohiyo. Ya moto inaelekeza ncha juu kwa sababu moto hupanda, ya maji inaelekeza chini kwa sababu maji hushuka. Hewa ni ile ya moto yenye mstari katikati, kwa maana nayo hupanda lakini si kwa nguvu ileile. Udongo ni ile ya maji yenye mstari. Ukikuta ukurasa unaodai zilichongwa hivyo kwenye mahekalu ya Misri ya kale, upite. Mpangilio huu nadhifu ni wa vitabu vya Ulaya, hasa vya karne ya 17 na ya 18.

Tabia zilezile nne ndizo zilizotawala utabibu wa Kiyunani uliofika mpaka pwani yetu: damu, balghamu, safura na sauda, kila moja na joto au baridi yake. Leo balghamu ni kohozi tu na safura ni ugonjwa, lakini bibi wa Unguja anayekukataza chakula fulani kwa kuwa ni cha baridi anaongea lugha ya Aristotle, na anaiongea vizuri.

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mizizi minne ilikuwa mipana mno kwa mtu aliyekaa mbele ya tanuri. Kumwambia kwamba shaba ina udongo na maji ndani yake hakumsaidii kujua afanye nini kesho asubuhi. Kwa hiyo katika maandishi ya Kiarabu, kwanza katika kitabu cha siri za uumbaji kilichopewa jina la Balinas (ndivyo Waarabu walivyomwita Apollonius, mwanafalsafa Mgiriki), kisha katika risala nyingi mno zilizopewa jina la Jabir bin Hayyan, linajitokeza wazo kwamba metali zote huzaliwa ardhini na wazazi wawili: zebaki na kiberiti. (Wataalamu bado wanabishana kama risala hizo ni za mtu mmoja wa karne ya 8 au za kundi la waandishi waliomfuata, mimi naona ni vigumu mkono mmoja kuandika zote.)

Ukisikia kiberiti unafikiria boksi na njiti. Lakini kibrit ni jina la Kiarabu la salfa, na boksi limelirithi jina hilo kwa kuwa njiti za zamani zilichovywa kwenye salfa. Zebaki nayo imetujia kwa njia hiyohiyo.

Kwa nini wawili hao? Kwa sababu ya walichokiona kwa macho. Metali yoyote ikiyeyuka inafanana na zebaki: inang'aa, inatiririka, inajikunja kuwa matone. Na mawe mengi yenye metali yakichomwa hutoa harufu kali ya salfa, kwa sababu kweli yana salfa. Shaba, risasi na antimoni hupatikana sana hivyo. Kisha kuna zingefuri. Kwetu jina hilo limebaki kwa rangi nyekundu ya mbegu za mzingefuri, lakini asili yake ni jiwe jekundu ambalo wewe ungeliandika HgS. Lipashe moto, zebaki inatoka kama mvuke na kukusanyika kwa matone. Irudishie salfa, unapata unga mweusi. Upashe unga huo mpaka upae na kuganda juu ya chombo, na unarudi mwekundu kama damu. Mtu aliyeshuhudia maji ya fedha na unga wa njano vikigeuka weusi, kisha wekundu, alikuwa na haki ya kuamini kwamba ameuona mlango wa karakana ya ardhi.

Lakini hapa lazima uwe makini, kwa sababu ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Waandishi wa risala za Jabir walijua vizuri kwamba ukichanganya zebaki ya dukani na salfa ya dukani unapata zingefuri, hupati dhahabu. Kwa hiyo walisema wazazi wa metali si hawa tunaowanunua. Ni zebaki na kiberiti vilivyo safi zaidi, ambavyo hawa wa sokoni ni mfano wao tu. Kiberiti kikawa jina la chochote ndani ya kitu kinachowaka na kutia rangi. Zebaki ikawa jina la chochote kinachong'aa, kinachoyeyuka, kinachotoa uzito. Alama ☿ katika kitabu kimoja inaweza kuwa metali ya kioevu iliyo kwenye chupa, na ukurasa wa pili ikawa tabia iliyofichika ndani ya chuma. Ni mazingira ya sentensi yanayokuambia ni ipi.

Karne ya 16 Paracelsus, tabibu mzaliwa wa Uswisi aliyefariki 1541, akaongeza wa tatu: chumvi. Hoja yake unaweza kuipima kwa kipande cha kuni. Kinachowaka kwa mwali ni kiberiti. Kinachopaa kwa moshi ni zebaki. Kinachobaki jivu ni chumvi. Kiberiti akakiita nafsi ya kitu, zebaki roho yake, chumvi mwili wake. Alama ya kiberiti ni pembetatu juu ya msalaba, ya chumvi ni duara lililokatwa na mstari mmoja wa kulala.

Roho, nafsi, mwili. Nadhani ndipo kaka yako anapopata wasiwasi, na simlaumu. Ila rudi nyuma miaka mia sita kabla ya Paracelsus, kwa Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy huko Uajemi. Alipopanga vitu vya karakana yake kwa makundi, aliita kundi moja roho: zebaki, salfa, mawe ya arseniki na chumvi ya nushadiri. Kundi jingine akaliita jasadi: dhahabu, fedha, shaba, chuma, risasi, bati, na metali moja iliyoitwa chuma cha Kichina. Kipimo chake ni moto tu. Roho ni kile ambacho ukikipasha kinakukimbia. Jasadi ni kile kinachobaki. Katika karakana ile neno roho lilikuwa neno la kikazi, kama wewe unavyosema gesi. Walimwomba Mungu kazini, bila shaka, na wengi waliamini hawafiki popote bila baraka yake, lakini hilo ni la wahunzi na mabaharia pia.

Risala za Jabir zina wazo jingine zuri. Kila metali ina nje na ndani. Risasi kwa nje ni baridi na kavu. Kwa ndani ni ya joto na unyevu. Dhahabu ni kinyume chake: kwa nje ni joto na unyevu, kwa ndani ni baridi na ukavu. Maana yake dhahabu haipo mbali na risasi, imo ndani yake, na kazi ya fundi ni kuigeuza kama mtu anavyogeuza kanzu iliyovaliwa nje ndani. Wazo hili si kweli. Hata hivyo lina adabu ya hesabu, maana lilimlazimisha fundi kupima na kugawa tabia kwa mizani, na kule kupima ndiko kulikotufikisha tulipo.

Alama za metali saba nitazipitia haraka, kwa kuwa majina unayo tayari. Dhahabu ni Jua ☉, fedha ni Mwezi ☽, zebaki ni Utaridi ☿, shaba ni Zuhura ♀, chuma ni Mirihi ♂, bati ni Mushtari ♃, risasi ni Zohali ♄. Baadhi ya sababu ni wazi: chuma ni silaha na Mirihi ni sayari ya vita, risasi ni nzito na haina mng'ao, na Zohali ndiyo sayari iliyoonekana kwenda polepole kuliko zote, shaba ilichimbwa Kupro, kisiwa cha mungu wa kike aliyeitwa Zuhura na Waarabu, na jina la Kilatini la shaba limetoka kwenye jina la kisiwa hicho. Usidhani lakini kwamba mpango huu ulishuka ukiwa kamili. Kabla zebaki haijahesabiwa kuwa metali, orodha fulani za Kigiriki ziliipa sayari ya Utaridi bati, na Mushtari ikapewa mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Zebaki ilipohitaji kiti hicho cha Utaridi, bati likahamishiwa Mushtari. Na baadhi ya vitabu vyetu vya shule vimeiita sayari ya Utaridi kwa jina la Zebaki. Mtafsiri alifuata neno la Kiingereza, akaiweka alkemia darasani bila kukusudia.

Kuhusu ♀ na ♂, utasoma kila mahali kwamba moja ni kioo cha Zuhura na nyingine ni ngao na mkuki wa Mirihi. Inapendeza, lakini mtaalamu wa mimea William Stearn alionyesha mwaka 1962, akifuata hoja ya zamani, kwamba chanzo chenye uzito zaidi ni herufi za Kigiriki zilizofupishwa za majina ya sayari, zikachakaa mikononi mwa wanakili. Kufika kwenye baiolojia yako ni kazi ya Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyepanga viumbe kwa majina. Katikati ya karne ya 18 alihitaji njia fupi ya kuandika jike na dume, naye alizijua alama hizi kutokana na metali. Kwa hiyo kila unapochora ♀ kwenye maswali ya jenetikia unaandika neno shaba.

Sasa mbwa mwitu. Picha uliyoiona karibu hakika ni ya 24 kati ya 50 zilizomo katika kitabu cha Michael Maier cha mwaka 1617. Maier alikuwa tabibu wa Kaisari Rudolf II, na kila picha aliitungia shairi na wimbo wa sauti tatu. Mbwa mwitu anamla mfalme aliyekufa. Nyuma yake mbwa mwitu anachomwa motoni, na mfalme anatoka mzima. Habari yenyewe Maier aliitoa katika maandishi yaliyopewa jina la Basilius Valentinus, anayedaiwa kuwa mtawa, ambayo yalianza kuchapishwa 1599. Humo tunaambiwa tumchukue mbwa mwitu mkali wa kijivu, mtoto wa Zohali mzee, tumtupie mwili wa mfalme, kisha tumchome mbwa mwitu kwa moto mkubwa. Tukirudia mara tatu, mfalme ametakasika.

Soma kwa kalamu mkononi, kama swali la mtihani. Mfalme ni nani? Mfalme wa metali ni dhahabu. Mbwa mwitu wa kijivu, mwenye njaa, anayemeza metali nyingine, mwenye ukoo na Zohali, yaani risasi? Ni jiwe la antimoni, Sb₂S₃, la kijivu linalong'aa, ndugu wa kile bibi zetu walichokiita wanja wa manga. Dhahabu iliyotoka kwenye sarafu ilikuwa imechanganywa na shaba na fedha. Iyeyushe pamoja na jiwe hilo. Salfa ya jiwe inaikamata shaba na fedha na kuelea nazo juu. Dhahabu inazama chini ikiwa imeungana na antimoni. Mfalme ameliwa. Sasa chukua kile kilichozama, kipashe moto mkali wenye upepo: antimoni inaondoka kwa moshi mweupe na dhahabu inabaki, safi kuliko ilivyoingia. Rudia mara tatu. Kila sentensi ya hadithi ile ni hatua ya kusafisha dhahabu, na hatua hizo zinafanya kazi.

Lawrence Principe, mwanakemia na mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ametumia miaka akizirudia kazi za namna hii maabarani. Alipojaribu kutengeneza kioo cha antimoni cha Valentinus kwa kemikali safi za kisasa alipata mabonge ya kijivu yasiyo na faida. Alipotumia jiwe ghafi kutoka Ulaya Mashariki, kama maandishi yalivyoelekeza, kikatoka kioo cha njano cha dhahabu, kwa sababu jiwe lile lilikuwa na silika kidogo ndani yake. Mwandishi wa kale alikuwa akisema ukweli. Ni sisi tuliobadilisha kiungo.

Simba wa kijani ni mgumu zaidi, na sitaki kukudanganya kwa jibu moja. Kwa mwandishi mmoja ni chumvi ya kijani ya chuma, ndugu wa mrututu. Kwa mwingine ni jiwe la antimoni ambalo halijapikwa, na kijani maana yake ni bichi, kama tunda. Jua analolila ni dhahabu. Hapo unahitaji kitabu kizima, na wakati mwingine hata kitabu kizima hakitoshi.

Kwa nini walificha? Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa halali. Anayejua kusafisha dhahabu ana riziki, na riziki haitangazwi sokoni. Risala za Jabir zinasema waziwazi kwamba elimu imetawanywa, sehemu hapa na sehemu kule, ili anayetaka afanye kazi ya kuikusanya. Sheria nazo zilikuwapo: Papa Yohane XXII alitoa amri mwaka 1317 dhidi ya dhahabu bandia, na Uingereza mwaka 1404 ilifanya kuzidisha dhahabu na fedha kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo ilifutwa 1689, na mmoja wa waliohangaika ifutwe ni Robert Boyle, huyohuyo ambaye kanuni yake ya gesi unaikariri. Boyle aliikosoa vikali mizizi minne na wale watatu wa Paracelsus katika kitabu cha mwaka 1661, lakini aliamini mpaka mwisho kwamba metali zinaweza kugeuzwa. Isaac Newton aliandika maneno yapatayo milioni moja juu ya alkemia. Nakwambia haya ili usije ukafikiri mpaka kati ya wao na sisi ulichorwa kwa siku moja.

Walikuwa wanajidanganya? Juu ya dhahabu, ndiyo, walikosea, na wapo matapeli waliowalisha wengine kosa hilo kwa kujua. Ibn Sina aliliona mapema. Katika sehemu ya madini ya kitabu chake kikubwa, kabla ya kufariki 1037, aliandika kwamba mafundi hawana uwezo wa kubadilisha aina ya metali. Wanaweza kuitia rangi mpaka shaba ikaonekana dhahabu, lakini chini ya rangi asili imebaki ileile. Sehemu hiyo ilitafsiriwa kwa Kilatini karibu mwaka 1200, ikafungwa pamoja na kitabu cha Aristotle, na Ulaya wengi wakaisoma wakiamini ni sauti ya Aristotle mwenyewe. Hata hivyo, kutoka mikononi mwa wanaalkemia waliokosea juu ya dhahabu tulipata ufundi wa kukeneka (kuchemsha kitu na kukusanya mvuke wake), tezabu kali (neno la Kiajemi, maji makali) na mazoea ya kupima kwa mizani kabla na baada ya moto.

Madai kwamba alkemia yote ilikuwa safari ya nafsi iliyovikwa nguo za kemia ni mapya kuliko watu wanavyodhani. Yalipata nguvu karne ya 19, kisha daktari wa akili Carl Jung akayapa uzito kwa kitabu chake cha 1944. Picha zinakubali kusomwa hivyo, na wapo waandishi wa kale waliozitumia kufundisha dini. Ila mtu akikwambia mbwa mwitu yule ni hasira yako tu, muulize salfa imekwenda wapi.

Alama zenyewe hazikufa ghafla. Mwaka 1718 Étienne François Geoffroy aliwasilisha kwenye Akademia ya Sayansi mjini Paris jedwali la safu 16 likionyesha kipi hupendelea kuungana na kipi, na safu zote zimejaa alama hizihizi, sasa zikitumika kwa vitu vya chupani tu. Lavoisier, mwanakemia Mfaransa, akaonyesha kwamba maji yanatengenezwa kwa gesi mbili, na orodha yake ya 1789 ina vitu 33 ambavyo hakuna aliyeweza kuvigawa zaidi. Maji, hewa na udongo hawamo tena. Dalton akachora viduara vyake kuonyesha atomu, kisha Berzelius katika miaka ya 1813 na 1814 akaleta herufi unazotumia. Hg ni herufi za Kigiriki kilichopita Kilatini, maana yake maji ya fedha. Bado ni jina la tabia, ukitazama vizuri.

Jambo moja la usalama, kwa sababu najua vijana wanavyopenda kujaribu. Zebaki inaimeza dhahabu na kuirudisha ikichomwa. Wachimbaji wadogo wa Chunya na Geita wanaifanya kazi hiyo mialoni, na mvuke wake unaharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo zao na za watoto wao. Usiiguse, usiichome. Na mtu akija na hadithi ya zebaki nyekundu yenye bei ya nyumba, hakuna kitu hicho. Kilicho chekundu ni zingefuri, na haina muujiza wowote. Ukitaka kuona wale watatu wa Paracelsus kwa macho yako, washa kijiti cha kuni jikoni na ukitazame mpaka kiwe jivu.

Haya, kidani. Kimetoka katika kitabu kilekile cha Maier, picha ya 21. Mzee mwenye bikari kubwa anachora ukutani: mwanamume na mwanamke ndani ya duara dogo, linazungukwa na mraba, mraba na pembetatu, na vyote na duara kubwa. Mwanamume na mwanamke ni wale wazazi wawili, kiberiti na zebaki. Pande nne za mraba ni moto, hewa, maji na udongo. Pembetatu ni mwili, roho na nafsi. Duara la nje ni jiwe la wanafalsafa, kitu kimoja kisicho na mwanzo wala mwisho, chenye kuikamilisha metali. Nadhani ni ile bikari iliyowafanya watu wamtaje Freemason. Mwambie kaka yako kitabu ni cha 1617, na baraza kuu la kwanza la Freemason liliundwa London mwaka 1717.

Kama ulikinunua kwa bei ya Kariakoo, kwa vyovyote kimepakwa tu rangi ya dhahabu. Kivae wiki mbili tatu za joto. Kikianza kuacha alama ya kijani shingoni, utajua Ibn Sina alikuwa anasema nini, na utajua pia ni alama gani ya kuandika kwenye daftari lako kwa kilichomo chini: ♀.